Madumu Kumi na Manne

Mama Agnela aliileta habari asubuhi, Nice akiwa ameinama uani anafua nepi za mwanawe Lucky. Hakuingia. Alisimama upande wa pili wa michongoma, akasalimia, akauliza wanaendeleaje na msiba, kisha akaitoa. Eti Mzee Gerson, yule mtunza maji wa hospitali, wamemsimamisha kazi. Eti siku ya mazishi, hapa hapa kwao Nice, alikunywa mbege, ile pombe ya ndizi, mpaka akaamka nayo kichwani, akaenda kazini, akafungua koki ya tangi la akiba na kuisahau. Maji yakaishia mtaroni. Bomba kuu lilipokatika siku ya pili yake, tangi likakauka mchana kweupe, na yule mama wa kutoka Nduruma aliyekuwa anasubiri kupasuliwa azae akapakiwa kwenye gari kupelekwa mjini. Mama alipona. Mtoto hakuwahi.

"Mimi nilimwona kwa macho yangu," alisema Mama Agnela. "Kakaa ubavuni mwa pipa la mbege, kata mkononi. Lisemwalo lipo, mama Lucky."

Nice alikamua nepi mpaka maji yakaisha, na bado akaendelea kuikamua. Kata ile alimpa yeye, kwa mkono wake mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na maji matupu.

Hakulisema hilo. Alisema tu, "Pole yao," na Mama Agnela akaenda zake kuipeleka habari nyumba ya pili.

Hospitali yenyewe ni ndogo, ipo juu yao kidogo, pale migomba na mibuni inapoanza kubanana kuelekea mlimani. Nice hakuzaliwa huku. Alizaliwa Daraja Mbili, huko mjini, akamaliza darasa la saba huko huko, akaolewa na Emmanuel na kuletwa kwenye ua wa mama mkwe wake, Bibi Hanna. Mwaka huo huo akabeba mimba, na siku ya kujifungua umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, pampu ya kisima cha hospitali ikalala. Akiwa amelala kitandani wodini alisikia viatu vya mpira vikija kwenye korido, ndoo ikitua chini mlangoni, viatu vikirudi. Kisha vinakuja tena. Alizihesabu zile ndoo badala ya kuusikiliza uchungu. Ndoo ya tisa ilipotua, Lucky akalia.

Muuguzi alimwambia anayebeba ni Mzee Gerson. Siku ya kuruhusiwa alimpitia pale kwenye tangi kumpa shikamoo na ahsante. Mzee aliitika marahaba, akamwangalia mtoto muda mrefu, akacheka kwa meno yake ya kahawia, meno ya kila mtu aliyekulia maji ya upande ule wa mlima. "Huyu ameoga maji ya akiba," akasema. "Asije akawa mtu wa kumwagamwaga."

Tangi lenyewe lilijengwa kwa mawe na saruji zamani, hospitali ilipokuwa zahanati ya vitanda kumi na viwili. Lilijazwa kwa zamu na mfereji unaoshuka kutoka msituni, na ubavuni lilikuwa na mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaoonyesha maji yamefika wapi. Miaka ishirini na mbili Mzee Gerson alikuwa akifika kabla ya wauguzi wa zamu ya asubuhi, anautazama mpira, anachukua chaki, anaandika kwenye kibao cha mlangoni: AKIBA IMEJAA. Ukutani kulikuwa na maandishi ya rangi yaliyowekwa na waliolijenga: LITA 20,000. Kwa kipimo hicho uongozi ulijua kwamba dunia ikikauka, hospitali ina siku mbili.

Kazi hiyo aliirithi, waweza kusema. Baba yake alikuwa mgawa zamu za mfereji huko kwao mlimani, mtu wa kuamua leo maji yaende shamba la nani na yafungwe saa ngapi, na wakulima walimchukia kiangazi na kumpenda masika. Mzee Gerson alikuwa akisema baba yake alimwachia vitu viwili, jembe na ubishi. Jembe liliisha.

Ubishi haukuisha. Wazee wa usharika waliomba maji ya akiba kwa sherehe ya kipaimara, akawanyima. Katibu wa hospitali aliomba ya kumwagilia maua kabla ya wageni kufika, akamnyima. Sia, binti yake wa pekee, alipofanyiwa sendoff ya kuagwa kwenda kuolewa na bomba la mtaa likagoma siku hiyo hiyo, alimjia baba yake akilia, amevaa nusu nusu, nywele zimesukwa upande mmoja. Akamnyima na yeye. Sia yuko Moshi sasa, na watu husema haji kwa sababu ya hilo. Mke wake alishafariki. Alibaki na chumba chake, migomba sita na tangi.

Basi Bibi Hanna alipofariki, na bomba la mtaa likiwa siku ya nne halijatoa hata tone, wanawake waliokuja kupika msibani walikaa wameshika tama mbele ya masufuria makavu. Marehemu alikuwa hajaoshwa. Mahindi ya makande hayajaoshwa. Ndizi za loshoro, za kupondwa na maziwa mgando, zimemenywa, zinaanza kuwa nyeusi. Waombolezaji kutoka mjini walikuwa njiani. Mke wa mwana ndiye anayetafutiwa lawama siku kama hiyo, na shangazi yake Emmanuel alimwambia Nice bila kumtazama, nyumba hii haina mwanamke?

Nice alimfunga Lucky mgongoni, akaazima mkokoteni wa jirani, akapakia madumu matupu, akaenda hospitali. Alimkuta Mzee Gerson amekaa chini ya kibao chake. Alimwamkia. Alisimama tu na mkokoteni wake, kanga ya msiba kichwani, mtoto akihema shingoni kwake.

Mzee alimtazama, akayatazama madumu. Kisha akainuka, akachukua ufunguo shingoni.

Aliyajaza mwenyewe, moja baada ya jingine, madumu saba. Nice akayasukuma nyumbani, akayamimina, akarudi. Saba mengine. Safari hii ya pili mzee aliifunga koki, akaikaza kwa kitambaa, akaweka kiganja chini yake na kungoja aone kama itadondosha. Haikudondosha.

"Ya msiba hayanyimwi," akamwambia. "Lakini pia hayasemwi, mwanangu. Si mimi nitakayesema, si wewe, mpaka msalaba usimame juu ya kaburi."

Nice aliujua mwiko huo, hata Daraja Mbili wanao wa namna yake. Kilichotolewa kwa ajili ya maiti hakitajwi wakati udongo bado mbichi. Ukikitaja, umemdai marehemu. Na msalaba husimama siku ya arobaini.

Siku ya mazishi mzee alitokea zamuni, akaja na koti lake la kitambaa kizito. Akaona kivuli kipo kwa wanaume tu, karibu na pipa la mbege, akakaa pale. Nice alipopita na sahani, mzee alimwomba maji ya kunywa. Alimchotea kwa kata ya mbege kwa sababu vikombe vilikuwa vimekwisha. Mzee alikunywa, akatabasamu kidogo, akasema chini chini ni mara ya kwanza anayaonja hayo ya tangi.

Siku mbili baadaye greda la wanaopanua barabara lilikata bomba kuu. Umeme nao haukuwepo. Jenereta la hospitali lilitosha taa za chumba cha upasuaji, pampu halikuiweza. Wakafungua akiba asubuhi, akiba ya siku mbili, na saa tisa alasiri koki ikakohoa.

Hayo ndiyo aliyoyajua Nice, na baada ya Mama Agnela kuondoka aliyageuza kichwani siku nzima kama mtu anayegeuza chapati iliyoungua akitafuta upande mzuri. Aliyafuata maji yale mwenyewe, mikono yake iliyasukuma. Mtoto wa watu amekufa. Akimnyonyesha Lucky alijikuta anamtazama sana, mpaka mtoto akaachia ziwa kumtazama naye.

Kesho yake alimwambia mumewe, mwenye msiba, kabla hajaenda kazini. Emmanuel ni mtu mpole, anauza vifaa vya ujenzi mjini kwenye duka la mtu. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kamba, akazifunga upya.

"Mama yangu ameoshwa kwa maji hayo," akasema. "Ukisema, watasema amezikwa na maji ya mtoto wa Nduruma. Hawatakuja kusema mzee alikuwa mzima. Watasema hilo la mama."

Hakumkataza. Ingekuwa afadhali angemkataza.

Siku zikaenda. Uvumi ukaota mizizi, ukaota na majani. Mbege ya kata moja ikawa ya kata nne, koki iliyosahauliwa ikawa mzee aliyekutwa amelala chini ya tangi anakoroma. Mzee alipopita kwenda dukani vijana wa bodaboda walimwita, "Mzee, umefunga koki?" na mwingine akaitikia, "Kaifunga, kafungua kizibo." Walicheka bila ubaya mkubwa, kama watu wanavyocheka wakiwa hawana abiria. Mzee Gerson aliwaitikia salamu zao kana kwamba walikuwa wamemsalimia. Hakujitetea hata kwa neno moja. Watu wakasema, mnaona, angekuwa hana kosa angesema.

Nice alikutana naye mara mbili njiani. Mara zote alimwamkia, naye aliitika na kumgusa Lucky mguu, basi. Mara ya pili aliona koti limekuwa kubwa. Koti ni lile lile.

Kliniki ya mwezi ilipofika alimpeleka Lucky kupimwa uzito. Alipita kwenye tangi makusudi. Lilikuwa limepakwa rangi upya, bluu, na LITA 20,000 imeandikwa tena kwa nyeupe, nzuri, inang'aa. Kufuli mpya. Mpira wa ubavuni ulionyesha maji juu kabisa. Kwenye kibao aliyewekwa badala ya mzee alikuwa ameandika AKIBA IMEJAA. Muuguzi mmoja, Aika, ambaye alimzalisha, alimwambia walilijaza upya kwa pampu ya kisima siku ile ile lilipokauka, mara umeme uliporudi, maana nani angethubutu kulala bila akiba? Mzee alikuwa akiwafuata akisema ngojeni, tazameni kwanza ndani. Hakuna aliyesimama kumsikiliza. Yule mama alikuwa ameondoka na gari dakika chache tu kabla.

Nice aliuliza mzee alitaka waone nini.

Aika alisema hajui. Alisema naye haendi karibu na tangi lile siku hizi, akiliona anaona mikono ya daktari iliyopakwa sabuni, ameinyanyua, anasubiri maji, na sabuni inakauka.

Msalaba ulisimamishwa Jumamosi. Mchungaji alisoma, wakaimba, shangazi akalia kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza. Mzee Gerson alikuwepo, nyuma kabisa, na watu walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja kila upande wake. Alisali, akaondoka kabla ya chakula.

Jumatatu yake akaja nyumbani. Ilikuwa saa nne, jua limefichwa na wingu linalokaa juu ya Meru miezi hiyo wala halinyeshi. Emmanuel alikuwa kazini. Nice alikuwa amemwaga maji ya pipa la jikoni ili alioshe, amelilaza ubavu, mkono umeingia mpaka begani anakwangua chini. Aliposikia hodi alitoka na konzi ya mchanga mweusi, ule mchanga mwembamba wa mlimani unaokuja na maji ya mfereji bila kuonekana, ukituama kila siku kidogo, kila siku kidogo. Kila mwanamke wa pale huukwangua mara moja kwa wiki. Asipoukwangua, pipa linajaa upesi na kuisha upesi.

Alimwamkia mzee, akamwekea kigoda. Akaona macho ya mzee hayakuwa usoni mwake. Yalikuwa kwenye mkono wake.

"Ndio huo," alisema Mzee Gerson.

Nice hakuelewa mara moja. Aliitazama ile konzi. Kisha akaliwaza tangi la mawe, miaka ishirini na mbili ya mfereji, na ule mpira wa pembeni unaoonyesha uso wa maji tu. Akakaa kwenye saruji iliyolowa.

Mzee alimweleza bila haraka. Koki ilipokohoa alipanda ngazi akachungulia. Maji yalikuwa yamekwisha na mchanga ulikuwa umelala humo, umetulia kama mtu aliyemzoea mwenyeji wake. Aliteremka ndani. Ulimfika kiunoni. Zaidi ya nusu ya tangi, alisema, na yeye asubuhi zote hizo alikuwa akiandika kwa chaki IMEJAA, na kweli ilikuwa imejaa, ila hakuuliza imejaa nini. Baba yake angemcheka. Baba yake alikuwa akisafisha mfereji kila kiangazi, nyumba zote zinatoa mtu. Lakini tangi la akiba halimwagwi, ndivyo alivyolilinda, hakuruhusu mtu alimwage hata kwa kuliosha. Ubishi wake ndio uliolijaza mchanga.

Kisha akasema kuhusu madumu. Alikuwa amepiga hesabu yake. Madumu kumi na manne katika maji ya hospitali nzima ni kama nusu saa. Labda pungufu. Mtoto yule alihitaji maji ya zaidi ya saa mbili ili azaliwe.

"Sisemi ulale usingizi," akamwambia Nice. "Mimi silali. Nusu saa nayo ni kitu. Ila haikuwa hiyo peke yake."

Lucky alitambaa akaja, akashika vidole vyake vya mguu. Mzee alimwacha.

Nice alimuuliza kwa nini hakuyasema haya mapema, watu wakiwa wanamchafua hivyo. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa sababu jibu alikuwa nalo. Mzee akaelekeza kidevu upande wa mgombani, ambako msalaba mpya ulionekana kidogo, mweupe. Asingeweza kulieleza tangi bila kuulizwa kama kuna aliyeigusa akiba, na asingeweza kujibu hilo bila kumtaja Bibi Hanna akiwa hajatimiza arobaini. Alingoja. Wakati anangoja, mbege ikakomaa. Sasa akisema mchanga, wanasema ni pombe inasema. Na hakuna mtu atakayekubali kumwaga akiba yote, kulikausha tangi na kuchungulia ndani, kwa neno la mlevi. Koki ilisahauliwa, mzee amesimamishwa, tangi limepakwa rangi. Wamemaliza. Mchanga upo chini ya maji safi, na wao wanajua wana siku mbili.

"Hawana hata moja," alisema.

Kamati ya hospitali ilikuwa inakaa Ijumaa kumalizana naye. Kazi haitaki tena, alisema, magoti yamechoka na ngazi ile. Wamwondoe tu. Alitaka tangi lifunguliwe.

Nice alimwambia aliyoyasema Emmanuel, kwamba jina la mama yake litachafuka. Mzee alitikisa kichwa polepole, akasema Emmanuel ana haki, na kwamba watu watasema, tena watasema vibaya. Mama Agnela atazunguka nyumba zote kabla jua halijapanda. Yule mama wa Nduruma naye atasikia, na huenda akaja kusimama hapa hapa uani. Hakumficha hata moja. Aliyapanga mbele yake kama alivyoyapanga madumu siku ile, moja baada ya jingine, yakiwa yamejaa.

Ndani ya pipa lililolazwa maji yaliyobaki yalikuwa yanachuruzika taratibu, yakiacha mstari mweusi kwenye saruji. Nice aliifungua konzi yake. Mchanga ulikuwa umeshika alama za vidole.

Mzee Gerson aliinuka kwa kushika magoti, akamwinua Lucky, akamweka mapajani kwa mama yake. Alipozungumza tena hakumtazama. Alitazama chini, kama anavyofanya mtu mzima anapomwomba mtoto.

"Mwanangu, naomba Ijumaa uje. Sema ni nini ulichonichotea kwenye ile kata. Sema uliniona ninaifunga koki. Halafu wakikuuliza madumu, sema kumi na manne. Usiseme kumi na matatu kwa kunihurumia, wala kumi na matano kwa kuwaogopa. Sema kumi na manne, ili wajiulize maji mengine yote yalikwenda wapi."